Kifaa Kisichopiga Hodi

Kati ya Dallas na Fort Worth, katika nchi tambarare ambayo barabara kuu zimeikatakata kama mistari ya daftari, pana mji wa Arlington. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi wanaokaribia laki nne. Wengi huujua mji huu kwa uwanja wa timu ya Cowboys, kwa kiwanda cha magari cha General Motors kilichofunguliwa mwaka 1954, au kwa bustani ya michezo ya Six Flags. Wachache wanakumbuka kwamba ni hapa, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Arlington, ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la wanasayansi wa kompyuta likiongozwa na Diane Cook lilipojaribu kuifanya nyumba iwe na akili yake. Mradi huo uliitwa MavHome, jina lililotokana na lakabu ya wanamichezo wa chuo hicho, Mavericks.

Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Nyumba ichukuliwe kuwa mtendaji mmoja mwenye malengo: kuongeza raha ya wakazi na kupunguza gharama za kuiendesha. Vihisi vya mwanga, joto, unyevu, mwendo na milango viliwekwa katika maabara, na pia katika fleti moja ya wanafunzi iliyoko chuoni. Kila taa iliyowashwa na kila mlango uliofunguliwa uliandikwa katika kumbukumbu. Kisha programu ikatafuta mazoea ndani ya kumbukumbu hiyo kwa mbinu iliyozaliwa kutokana na kanuni ya kubana data ya Lempel na Ziv ya mwaka 1978. Kinachojirudia hubanika, na kinachobanika hutabirika. Kwa hiyo mtu anayewasha taa ya jikoni baada ya ile ya bafuni kila asubuhi anaweza kuwashiwa kabla hajanyoosha mkono.

Katika makala yao ya mwaka 2003 watafiti hao walitunga kisa cha mkazi mmoja aitwaye Bob. Nyumba inampashia joto kabla hajaamka, inamwashia taa na mtambo wa kahawa, inaagiza vyakula vilivyopungua kwenye friji, inahakikisha milango imefungwa anapokwenda kazini. Ni kisa cha kupendeza, na sehemu kubwa ya yaliyomo leo hununuliwa dukani. Hata hivyo msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hawezi kukosa kugundua pengo lake. Kisa kinahesabu nyuzijoto, kahawa na kufuli; hakiulizi Bob ameamkaje.

Pengo hilo halikubaki wazi kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1997, Rosalind Picard wa chuo cha MIT alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake Affective Computing, akidai kwamba kompyuta haitakuwa na busara ya kweli mpaka ijifunze kutambua hisia za binadamu na kuzijibu. Hoja yake ilikuwa ya kiutu: mtu aliyechanganyikiwa mbele ya mashine hustahili mashine inayoona kwamba amechanganyikiwa. Wahandisi waliomfuata walichukua ramani iliyokwisha kuchorwa na mwanasaikolojia James Russell mwaka 1980, ambamo hisia zote hupangwa katika duara lenye mihimili miwili. Mmoja hupima kama hisia inapendeza au inachukiza. Wa pili hupima kama mwili umesisimka au umetulia. Furaha iko juu upande wa kupendeza, hasira iko juu upande wa pili, huzuni iko chini yake, na utulivu uko chini upande wa kupendeza. Ukishakuwa na duara hilo, kifaa cha nyumbani kinaweza kusikiliza kiwango cha sauti, kasi ya maneno na uzito wa hatua sakafuni, kikampa mtu nafasi katika duara, kisha kikamchagulia muziki, rangi ya taa na joto la chumba vya kumwondoa hapo alipo na kumpeleka panapofaa zaidi.

Muziki ulikuwa tayari jikoni kabla ya hapo. Jiko la umeme la kupikia wali la kampuni ya Zojirushi ya Japani huanza kazi kwa wimbo mfupi wa watoto na kumaliza kwa mwingine. Mashine za kufulia za Samsung hutangaza kwamba nguo ziko tayari kwa mahadhi ya Schubert. Lakini muziki huo ni kengele tu iliyovishwa nguo nzuri, haumjali anayeusikia. Hatua mpya ni kifaa kinachomsikiliza mtu kwanza, kisha kikachagua.

Katika historia fupi ya vifaa hivyo kuna kimoja kilichokwenda kinyume na vingine vyote, na kinafaa kutajwa kwa sababu kinafanana sana na jambo la kale la Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2003 na 2004, Kelly Dobson, wakati huo mtafiti wa MIT, aliichukua blenda kuukuu ya miaka ya 1950 akaibadilisha matumbo. Blenda hiyo, aliyoiita Blendie, haina kitufe cha kubonyeza. Anayetaka kuitumia lazima aingurumie. Akinguruma kwa sauti nzito ya chini, visu huzunguka polepole. Akipandisha sauti, mashine nayo hupandisha mbio. Haibuni moyoni mwa mtu mna nini. Inamtaka atoe sauti kwa nguvu zake mwenyewe, kisha wanakwenda pamoja.

Mwanamke yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kinu angelielewa jambo hilo bila maelezo ya profesa. Kinu na mchi ni chombo cha nyumbani kinachoitikia muziki, na kimekuwa hivyo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Wanawake wawili au watatu wakitwanga katika kinu kimoja, michi haina budi kupokezana. Mmoja unapopanda mwingine unashuka, na anayekosea mapigo huugonga mchi wa mwenzake. Kinachoipanga michi hiyo ni wimbo. Wimbo ukipunguza mwendo, mahindi husagika taratibu. Ukichangamka, pumba huruka. Na ndani ya wimbo huo ndimo mke alimoweza kumsema mumewe, mkwe akamsema mama mkwe, bila mtu kuweza kumshika kwa neno lake, kwa kuwa alikuwa anatwanga tu. Chombo kilibeba hisia, ila kilizibeba kwa hiari ya mwenye hisia. Kanga nayo hufanya hivyohivyo: husema yale ambayo aliyeivaa ameamua yasemwe, siku aliyoamua, mbele ya yule aliyemkusudia.

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wanajua kwamba lugha hii haikuzipanga nyimbo zake kwa kufuata duara la furaha na huzuni. Ilizipanga kwa kazi na kwa tukio. Wawe ni za kulima, kimai ni za baharini, hodiya ni za kazi, bembelezi ni za kumlaza mtoto, mbolezi ni za msiba. Vyombo vyake navyo vilipewa mahali pake: vugo, pembe za nyati zinazopigwa kwa vijiti, ni la wanawake katika harusi, upatu wa shaba unaogongwa una ngoma zake. Mpangilio huo hauulizi mwimbaji anahisi nini. Unauliza yuko wapi, anafanya nini, na yuko pamoja na nani. Si kwamba waliouunda hawakujali hisia. Walijua kwamba hisia haisomeki nje ya tukio lake, na kwamba wimbo uleule, ukihamishwa kutoka kitanda cha mtoto hadi kwenye jamvi la msiba, si wimbo uleule tena.

Tofauti hiyo ya mipangilio ingeweza kubaki suala la semina za chuo, kama isingekuwa imeingia katika nyumba za watu.

Katika fleti moja ya kupanga iliyoko Arlington anaishi mama mmoja mzaliwa wa Pangani, aliyevuka miaka sabini. Alihamia kwa binti yake baada ya kufiwa na mumewe. Binti ni muuguzi, na zamu zake ni za saa kumi na mbili. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku umeingia. Mchana kutwa mama hubaki peke yake pamoja na runinga asiyoielewa vizuri, kiyoyozi anachokiogopa, na mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo ndani ya sanduku ikiwa imeviringishwa kwa kanga. Basi la kumpeleka kwa Waswahili wenzake hakuna. Arlington ulijulikana kwa miaka mingi kuwa mji mkubwa wa Marekani usio na usafiri wa umma wa kawaida, na hata sasa mzee asiyejua kuita gari kwa simu hujiona amefungiwa.

Kwa miaka miwili binti alikuwa akimpigia simu kila siku saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake. Mazungumzo hayakuwa na jambo kubwa. Umekula nini, miguu inaumaje, nani amepiga kutoka nyumbani. Kisha mjukuu, ambaye anasomea uhandisi, akawaletea kifaa kidogo cha mezani, taa na spika katika umbo moja, kinachosikiliza sauti ya aliyemo chumbani na kubadili mwanga na muziki kwa kadiri ya hali yake. Kifaa hicho hutuma pia rangi kwenye simu ya jamaa aliye mbali. Kijani ni utulivu, njano ni wasiwasi, nyekundu ni dhiki. Ulikuwa ni upendo, na hakuna aliyelazimishwa. Binti alianza kuitazama rangi saa saba mchana. Ikiwa kijani, alikula chakula chake kwa amani na kulala dakika kumi juu ya kiti. Simu za mchana zikapungua, halafu zikakoma bila mtu yeyote kuamua zikome.

Asubuhi moja ya Januari, binti akiwa amekwisha kuondoka, simu ililia kutoka Pangani. Mdogo wa yule mama alikuwa amefariki alfajiri. Kwa tofauti ya saa tisa, Arlington ilikuwa saa moja asubuhi na Pangani saa kumi alasiri. Jeneza lilikuwa linatoka nyumbani wakati huohuo anaoelezwa. Aliisikia tahalili kwa mbali ndani ya simu, kisha salio la mpwa wake likaisha.

Hakupiga yowe. Aliyefundishwa dini yake tangu utotoni hajipigi kifua. Tena hakutaka binti yake awahudumie wagonjwa akiwa na machozi, basi akaamua asimwambie hadi jioni. Alitawadha, akasali, akasoma alichokihifadhi. Kisha akakalia mbuzi, akaanza kukuna nazi ambayo hakuwa na haja nayo, na kwa mwendo wa mkono ule akaanza kuimba kwa sauti ya chini bembelezi aliyokuwa akimwimbia mdogo wake huyo alipokuwa akimbeba mgongoni, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka minane. Aliimba mpaka adhuhuri.

Kifaa kilisikia sauti ya chini, mapigo ya taratibu, mkwaruzo wa kawaida usiobadilika. Kwa vipimo vyake hakikukosea hata kidogo. Kikapunguza mwanga, kikaweka nyuma ya wimbo wake ala laini za kigeni, na kikatuma kijani. Binti, umbali wa maili ishirini, aliitazama rangi hiyo mara mbili na kushukuru.

Usiku aliporudi, alimkuta mama ameketi na bakuli tatu za nazi iliyokunwa.

"Shikamoo, mama. Mbona nazi nyingi hivi? Tuna wageni?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Akamwambia. Na baada ya kilio cha kwanza, binti alisema lile ambalo lilimtoka bila kufikiri: "Lakini mama, simu ilionyesha umetulia siku nzima."

"Nilitulia," mama akajibu. "Nani alikwambia aliyetulia hana msiba?" Kisha, baada ya kimya, akaongeza bila ukali: "Siku hizi hunipigii."

Yapo makosa ya aina mbili katika mashine zinazosoma hisia, na la nyumba hii ni la pili. La kwanza ni la upimaji, na limekwisha kujadiliwa sana. Mwaka 2019 wanasayansi watano wakiongozwa na Lisa Feldman Barrett walipitia kwa kina utafiti uliokuwapo kuhusu sura ya uso na hisia. Walihitimisha kwamba hasira, huzuni au furaha haiwezi kusomwa kwa uhakika kutokana na mikunjo ya uso peke yake, kwa kuwa watu hutofautiana na mtu mmoja hubadilika kutoka tukio hadi tukio. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Allison Koenecke lilipima mifumo ya kutambua usemi ya kampuni tano kubwa. Katika kila maneno mia, mifumo hiyo ilikosea kwa wastani maneno 35 ya Wamarekani Weusi, na maneno 19 ya Wamarekani Weupe. Ikiwa ndiyo hali ya wazawa wa Kiingereza, lafudhi ya Pangani itegemee nini? Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kuondoa uwezo wa kukisia hisia katika huduma yake ya kutambua nyuso. Amazon, iliyotoa mwaka 2020 bangili ya mkononi inayochambua toni ya sauti ya mvaaji, iliifunga huduma hiyo mwaka 2023.

Makosa ya aina hiyo yanaweza kupungua. Sauti zaidi zitakusanywa, lafudhi zaidi zitafundishwa, na siku itafika ambapo mashine itatambua kwamba mkwaruzo ule ni wa mbuzi na wimbo ule ni bembelezi. Kosa la pili halitaondoka kwa data. Ni la kudhani kwamba hisia ni hali ya joto iliyomo ndani ya mtu, inayoweza kusomwa na kurekebishwa kama kiyoyozi kinavyorekebisha chumba, bila mwenyewe kuombwa ruhusa na bila mtu mwingine kuitwa.

Kiswahili chenyewe kinaikataa dhana hiyo. Chukua neno uchungu. Ni ladha ya dawa ya mwarobaini ulimini. Ni maumivu ya kujifungua. Ni kinyongo cha aliyedhulumiwa. Na ni upendo pia: mwenye uchungu na nchi yake ndiye anayeijali, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Neno hilo litawekwa wapi katika duara la mwaka 1980? Upande wa kuchukiza halikai lote, kwa kuwa hakuna anayetaka kuondolewa uchungu wake kwa mwanawe. Au tazama neno pole. Halimtaki anayelitamka awe ameisoma hisia ya mwenziwe. Linamtaka awe ameona kilichompata. Hupewa aliyejikwaa, aliyechoka, aliyefiwa, aliyetoka safarini, bila kwanza kupima moyo wake umefikia nyuzi ngapi. Na katika msiba pole haitumwi kama rangi, huchukuliwa. Mtu huondoka kwake, hukaa jamvini, hunyamaza pamoja na waliofiwa. Kimya kingi kina mshindo, lakini mshindo huo husikika kwa aliyepo.

Kuna pia swali la nyumba inamtii nani. Wakazi wa Texas wamewahi kulijibu bila kutaka. Februari 2021 baridi kali iliangusha sehemu kubwa ya umeme wa jimbo hilo, na mamilioni ya watu wakakaa gizani. Miezi minne baadaye, Juni ya mwaka huohuo, wakati joto limepanda na gridi imeelemewa, baadhi ya wakazi wa eneo la Houston waliamka wakitokwa jasho na kukuta vidhibiti joto vyao vimepandishwa kutoka mbali. Hawakuwa wameibiwa. Walikuwa wamejiandikisha katika mpango wa kuokoa umeme kwa ahadi ya kuingizwa katika bahati nasibu, na ruhusa ilikuwa ndani ya maandishi ambayo wengi hawakuyasoma. Nyuzijoto za chumba zikiweza kuwa na bwana wawili, sauti ya mtu anayelia jikoni itakuwa na mabwana wangapi? Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 katika kesi ya serikali ya Marekani kuhusu kuhifadhi rekodi za sauti za watoto zilizochukuliwa na Alexa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde imepiga marufuku, tangu Februari 2025, mifumo ya kukisia hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Nyumbani hapamo katika marufuku hiyo. Mahali ambapo mtu huvua viatu na kilemba ndipo sheria ilipopaacha wazi.

Pamoja na hayo, kuvitupa vifaa hivi vyote jalalani si jawabu, na wanaolihubiri mara nyingi ni wale ambao mama zao wana majirani. Katika fleti ya Arlington hakuna jirani wa kugonga ukuta. Binti hawezi kuacha kazi. Ndiyo inayolipa pango, na ndiyo inayopeleka fedha za dawa na ada Pangani. Wahandisi waliofuata njia ya MavHome waligeuza macho kuwaelekea wazee, wakitaka nyumba imsaidie mtu kuishi kwake kwa usalama pale kumbukumbu na miguu inapodhoofika. Japani, Takanori Shibata alibuni Paro, kifaa chenye umbo la mtoto wa sili kinachoitikia kuguswa na kuitwa, ambacho mwaka 2009 kilitambuliwa Marekani kama chombo cha tiba, na wazee wenye ugonjwa wa kusahau hukipakata. Mpweke anayepakata kitambaa chenye mota hapaswi kuchekwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kinachotakiwa ni kubadili swali linaloulizwa juu ya meza ya mbunifu. Swali la sasa ni: mkazi anahisi nini, na tumpe nini ili ahisi vizuri zaidi? Pwani ya Waswahili ina adabu ya kale inayotoa swali bora. Anayefika mlangoni kwa mtu hupiga hodi. Anapiga mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipokaribishwa, hugeuka akaenda zake, wala hachungulii dirishani ili ajue kwa nini hakujibiwa. Aliyemo ndani ndiye mwenye neno karibu. Moyo wa mtu ni chumba cha ndani zaidi kuliko ukumbi wake, na hakuna sababu kifaa kilichonunuliwa kwa dola mia kipewe haki ambayo shemeji hana.

Kifaa kinachopiga hodi si ndoto ngumu kuitekeleza. Kinaposikia wimbo wa taratibu usiokoma tangu asubuhi, jambo ambalo mbinu ya MavHome ya kutambua mazoea ingeliona kuwa si la kila siku, hakina haja ya kulipa jina la utulivu wala la huzuni. Kinaweza kuuliza kwa lugha ya aliyemo: leo si kama jana, nimpigie mtu? Akikaa kimya, kimya kiheshimiwe. Akisema ndiyo, kimpigie binti simu na kunyamaza. Asitumiwe mtu rangi yoyote, kwa kuwa rangi inampa aliye mbali ruhusa ya kutopiga simu, na simu ndiyo iliyokuwa dawa. Muziki nao uachwe mkononi mwa mwenyewe, kama Blendie ilivyoachiwa ngurumo ya mtumiaji na kama kinu kilivyoachiwa wimbo wa mtwangaji: chombo kimfuate mtu, kipokee mapigo yake, kisimpeleke kisikotakwa.

Kubuni hivyo kutapunguza mambo fulani yanayouzika. Kifaa kisichokisia hakina takwimu za kuwauzia watangazaji. Kifaa kinachowarudisha watu kwa watu hutumika dakika chache kwa siku, na biashara ya sasa huhesabu dakika. Kwa hiyo jambo hili halitafanywa na soko lenyewe bila kusukumwa. Litafanywa, likifanywa, na watu wenye elimu mbili kwa pamoja: wanaojua jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa namba, na wanaojua kwa nini bembelezi inaweza kuimbwa msibani. Watu wa aina hiyo wapo. Wanakaa katika madarasa ya uhandisi ya Arlington, Dallas na Houston, watoto na wajukuu wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na Uvira, na nyumbani wanasikia maneno ambayo vitabu vyao vya chuo havina. Mara nyingi huyaacha mlangoni wanapoingia maabara, wakidhani ni mambo ya jikoni. Kwa mtu anayebuni vyombo vya jikoni, hayo ndiyo malighafi, na mjukuu aliyekuwa akitafuta data ya kukifundisha kifaa chake angeweza kuanza kwa kumwuliza bibi ule wimbo wa nazi ulikuwa wa nani.